Hesabu ya Mtu Mmoja

Nyuma ya daftari la vipimo vya sare za shule,
baada ya kiuno cha mtoto wa Doña Eduvina,
ndipo nilipoanza kuiandika bahari.

Basi la alfajiri, Tegucigalpa hadi La Ceiba, mwendo wa saa saba,
kiti cha dirishani, maana kichefuchefu hakina adabu.
Feri ya kwenda Utila. Kitanda cha juu, chumba cha watu sita.
Kozi ya siku nne: mtungi ndani ya bei,
mapezi ndani ya bei, miwani ndani ya bei.
"Na woga?" nikauliza kwenye simu.
Arlin, kijana wa huko anayefundisha, akacheka:
"Huo kila mtu huja na wake."

Nimeshona kaptura arobaini na moja kwa ajili ya safari hii.
Nimepiga hesabu: vifungo vya shati moja
hununua dakika mbili chini ya maji.
Novemba mvua hunyesha, vitanda hushuka bei.
Bahari huchafuka, wananionya.
Mfuko wangu umechafuka tangu Januari;
tutaelewana.

Kinachoniuma si nauli.
Ni kile kimstari chembamba mwisho wa ukurasa:
chumba cha mtu mmoja, bei ya wawili.
Yaani nikilipie na kivuli.
Niulipie mto usiolaliwa,
na taulo la yule aliyeondoka na redio yangu
mwaka wa sita sasa.
Hapana. Nipeni kitanda cha juu na wakoroma watano.

Mama anachambua maharage, hanitazami.
"Unakwenda na nani?"
Na mimi.
"Na nani zaidi?"
Na sindano, mkanda wa begi ukikatika.
Akasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Nikasema siendi kuvunja chawa.
Akatupa harage zima, zuri, pamoja na mabovu.

Fomu ya afya ikaja. Pumu? Hapana.
Masikio? Hapana.
Umewahi kupata tatizo la moyo?
Nikaandika ndiyo,
kisha nikafuta. Waliuliza ugonjwa tu.

Halafu Arlin akaniharibia jumla.
Ukishazamia, alisema, usipande ndege siku hiyohiyo.
Mimi napanda basi, nikamjibu, ndege naziona zikipita.
"Lakini kwenu ni mlimani.
Damu haijui tofauti ya ndege na mlima."
Basi usiku mmoja zaidi, pale pwani, nikingoja damu itulie.
Usiku mmoja: sketi nne za marinda.
Nimezishona, huku nikinung'unika,
mpaka ya tatu nikagundua
kwamba sijawahi kulipia usiku wa kutofanya kitu.

Nikamuuliza la mwisho: wanaokuja peke yao
mnawaweka wapi?
"Juu, popote wapendapo. Chini hakuna wa peke yake.
Kila mmoja hupewa mwenzi.
Hewa ikikuishia, unapitisha kiganja shingoni hivi,
naye anakupa kipumulio cha pili cha mtungi wake."
Hata kama hatujuani?
"Hata kama hamjasalimiana."
Nikafungua daftari, nikaandika: mwenzi.
Pale pa bei kalamu ikasimama.

Jana jioni nilijaribu miwani ya mtumba
kwenye pipa la kufulia, uani.
Nikashika kingo, nikazamisha uso.
Saruji ya kijani. Utelezi. Kifungo cheupe
nilichokitafuta tangu Pasaka.
Kimya kilikuwa kikubwa kuliko pipa.
Nilikaa humo hadi masikio yakaanza kunidai.

Nilipoibuka, maji yakinichuruzika hadi kwenye kanda mbili,
Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.
"Thelathini na nane," alisema.
Sikujua kuwa alikuwa akihesabu.
"Rudia. Na safari hii usifumbe ngumi."